Farasi anakimbia dakika moja Jumapili, sasa wiki nzima mnafanya nini?

Swali: "Shikamoo dokta. Mimi kijana wa Kongwa, nimemaliza cheti cha afya ya mifugo pale Mpwapwa. Kuna jamaa kaniunganishia kazi Nairobi kwenye yadi ndogo ya farasi wa mashindano, wako kama kumi na mbili hivi. Mimi nimekua na ng'ombe na punda, farasi nimemuona tu kwa macho. Naambiwa wenyewe wanakimbia dakika moja na kitu siku ya Jumapili basi imeisha. Sasa hizo siku zingine mnafanya nini? Na haya ninayoyajua ya punda na ng'ombe yatanisaidia au naenda kuaibika?"

Marahaba mdogo wangu. Yadi za namna hiyo nimezifanyia kazi huko Nairobi kabla sijarudi Dodoma kwenye ng'ombe na mbuzi za watu, kwa hiyo nakujibu kwa nilichosomea na nilichokishika kwa mikono.

Hesabu yako iko sawa kabisa. Mbio za mita 1,200 zinaisha kwa dakika moja na sekunde kumi na kitu, tena farasi mmoja hakimbii kila Jumapili, wengi wanapewa wiki mbili tatu kati ya mbio na mbio. Ila kukimbia hafundishwi mtu, farasi anazaliwa anajua. Kazi ya yadi ni kumfikisha Jumapili akiwa bado anakula vizuri na miguu yake imepoa, na hapo ndo utakuta trena mzuri, yaani mkufunzi wa farasi, sifa yake kubwa sio kukimbiza farasi, ni kujua siku ya kumuacha.

Nianze na Jumatatu maana hiyo ndo watu wanaidharau, wanasema si jana mlishindana leo mnalala. Hakuna kulala. Saa kumi na nusu alfajiri saisi, yaani yule anayetunza farasi, na ndo kazi utakayopewa hata kama una cheti chako, anaingia kwenye boksi, yaani chumba cha farasi, na tochi, na kitu cha kwanza haangalii farasi anaangalia hori. Chakula cha usiku kimeisha? Kimebaki nusu? Kimeguswa kidogo kikaachwa? Farasi aliyekimbia jana akibakiza chakula anakuambia kitu, inaweza kuwa amechoka tu, inaweza kuwa vidonda vya tumbo ambavyo farasi wa mbio wanaugua sana tu, inaweza kuwa anaumwa mahali hujapaona bado. Baada ya hori unaangalia kinyesi, kiko kiasi gani na kikavu au kilaini, alafu unaangalia majani aliyolalia, kama yamevurugwa vurugwa ukutani ujue usiku alikuwa anajigaragaza, na kujigaragaza kwa farasi ni habari mbaya.

Ndo unakuja miguuni. Hii naomba uisome taratibu. Unachuchumaa pembeni ya mguu wa mbele, unachuchumaa sio unapiga magoti, maana ukipiga magoti akishtuka huna pa kukimbilia. Mkono unaushusha toka chini ya goti mpaka kwenye kifundo, nyuma ya ule mfupa utakuta kano mbili zimekaa kama kamba, unazipitisha katikati ya kidole gumba na vidole vingine pole pole. Unatafuta joto, na unatafuta uvimbe. Alafu unahamia mguu wa pili unafanya hivo hivo, maana mguu mmoja peke yake haukuambii kitu, unalinganisha. Na lazima iwe kabla hajatoka kutembea, akishafanya mazoezi miguu yote inapata moto na umepoteza majibu. Nimeshaona uvimbe mdogo wa punje ya hindi, farasi mwenyewe anatembea safi hachechemei hata kidogo, saisi mmoja mzee wa Kijaluo akakataa katakata asitandikwe. Trena alinuna lakini akakubali. Kipimo cha ultrasaundi kikaonyesha kano imeanza kuchanika ndani. Kano ikichanika vizuri unazungumzia mwaka mzima wa kupumzika na mwenye farasi bado analipa chakula, ile asubuhi yule mzee aliokoa hela kuliko ushindi wowote wa msimu ule.

Baada ya hapo wale waliokimbia wanatolewa mmoja mmoja kwenye ardhi ngumu, wanatembezwa kisha wanachapushwa mwendo wa troti, ule wa kukimbia pole pole, trena kasimama kwa mbele anaangalia kichwa. Kama mguu wa mbele unauma, kichwa kinapanda pale mguu mbovu unapokanyaga na kinashuka kwenye mguu mzima. Watu wengi wanachanganya hapo, wanaona kichwa kimeshuka wanadhani ndo huo unaouma, kumbe huo ndo anaouegemea. Ng'ombe na punda pia ni hivo hivo, kajaribu hapo nyumbani.

Kuna kitu kingine cha Jumatatu. Farasi aliyezoea kazi ngumu na nafaka nyingi, ukimpumzisha siku nzima na ukamuachia nafaka ile ile kamili, kesho yake unamtoa kazini anakaza makalio kama ubao, anatoka jasho, hataki kusogea, mkojo unakuja rangi ya kahawa. Misuli imeharibika hiyo, na ile rangi inaenda kuumiza figo. Zamani Ulaya farasi wa mikokoteni walikuwa wanapumzika Jumapili wanaugua Jumatatu, mpaka ugonjwa ukabeba jina la siku. Kwa hiyo yadi yenye akili siku ya mapumziko nafaka inapunguzwa mpaka nusu au chini ya hapo, hei, yaani majani makavu, anapewa ya kutosha, na farasi anatembezwa kwa kamba hata kama ni nusu saa. Ukimkuta amekaza hivo usimlazimishe kutembea, msimamishe pale pale umuite daktari.

Jumanne mpaka Jumamosi ndo ratiba yenyewe. Chakula cha kwanza gizani, kiasi kidogo, alafu kama saa kumi na mbili mkupuo wa kwanza unatoka, farasi watatu wanne na wapandaji wao, wakirudi unatoka wa pili, kwa sababu yadi ndogo haina wapandaji wa kutosha na mtu mmoja anapanda farasi watatu kwa asubuhi moja. Na mapema kuna sababu, jua. Wanatembea kwanza dakika kumi na kitu, wanaenda troti, wanaenda kanta ya kawaida, yaani mbio za wastani, wanarudi wanatembea. Siku nyingi ni hivo tu, kazi nyepesi inayochosha kuangalia. Mbio za kweli za mazoezi ni mara moja au mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa, na hata hapo ni mita mia kadhaa za mwisho tu. Mtu wa mpira anaweza kushangaa mbona kidogo, ila mfupa wa farasi unaimarika kwa vipande vifupi vya kasi na muda wa kujijenga katikati, ukimkimbiza mbali na kwa kasi kila siku unavunja kuliko unavyojenga.

Trena anasimama na saa mkononi lakini muangalie vizuri, saa anaitazama mara moja, masikio ndo yanafanya kazi. Farasi akiwa kwenye kasi anavuta pumzi moja kwa kila hatua anayoruka, kwa hiyo wakipita karibu unasikia kabisa mdundo wa pumzi na kwato pamoja, na anayekwaruza kooni au anayechelewa kutulia baada ya kusimama anajulikana. Moyo wa farasi akiwa amepumzika unapiga kama 30 hadi 40 kwa dakika, kwenye kasi unavuka 200, sasa cha kujua fitinesi yake ni unavyoshuka baadae. Stethoskopu yako ya Mpwapwa beba, hapo itakupa heshima. Alafu Nairobi ni juu, karibu mita 1,800 toka usawa wa bahari, Dodoma tupo kwenye 1,100 na kidogo, wewe mwenyewe wiki ya kwanza utahema ukibeba ndoo.

Na ndoo utabeba. Farasi mmoja wa kilo 450 au 500 anakunywa lita 25 mpaka 50 kwa siku kutegemea joto na jasho. Samadi unatoa asubuhi na unapitia tena mchana na jioni. Kusugua mwili kwa brashi, na brashi sio urembo, ndo unagundua kidonda cha tandiko, kupe, sehemu anayoshtuka ukigusa. Mchana saa sita hadi saa nane yadi inanyamaza, usipige stori kwenye korido, farasi wanalala na wanatakiwa walale. Jioni wanatolewa kutembezwa, miguu inamwagiwa maji ya baridi, wanaohitaji wanafungwa bandeji, na bandeji ukiikaza vibaya unatengeneza ugonjwa wa kano wewe mwenyewe kwa hiyo ufundishwe kwanza, usijifanye unajua.

Katikati ya wiki bosi utamuona yuko kwenye simu muda wote. Anaandikisha farasi kwenye mbio, anasubiri aone wamepangiwa kubeba uzito gani maana farasi mzuri anaongezewa mzigo ili wote wawe na nafasi, anatafuta joki, yaani mpandaji wa siku ya mbio, ambaye kilo zake zinaendana na huo uzito, anampigia mwenye farasi kumueleza kwa nini Jumapili hii hatukimbii. Hiyo simu ya mwisho ndo ngumu kuliko zote. Mwenye farasi analipa kila mwezi na anataka kuona farasi wake uwanjani na marafiki zake wamekuja, wewe unamwambia mguu una joto kidogo. Kwa maoni yangu yadi ndogo nyingi zinakufa hapo, trena anaogopa kumpoteza mteja anamkimbiza farasi ambaye angetakiwa akae wiki mbili, anapoteza farasi na mteja vyote.

Fundi wa kwato anakuja kila wiki nne mpaka sita kwa kila farasi, kwa hiyo kwenye yadi ya farasi kumi na mbili utamuona karibu kila wiki. Kuna viatu vya chuma vya mazoezi na vya aluminiamu vyepesi vya mashindano. Wewe kazi yako ni kushika farasi asisogee na kusafisha kwato kila siku kabla na baada ya kutoka.

Sasa chakula, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu mtu wa ng'ombe anaweza kuua farasi kwa nia njema kabisa. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne na anacheua, farasi ana tumbo la chumba kimoja dogo, lita 8 hadi 15 tu, na hawezi kutapika. Kilichoingia kimeingia. Ndo maana anapewa mara tatu nne kwa siku kidogo kidogo, hei kwanza ndo msingi, nafaka kama oti juu yake, na ukibadilisha chakula unabadilisha kwa siku nyingi sio ghafla. Ukikosea anapata msokoto wa tumbo, anajiangalia ubavuni, anakwangua chini kwa kwato, anajigaragaza, na ni dharura, hiyo hata saa nane ya usiku unamuamsha bosi.

Alafu kuna mambo mawili yaweke kichwani. La kwanza, chakula cha kuku au cha ng'ombe kilichochanganywa dawa aina ya monensini usimpe farasi hata kiganja. Kwa kuku inazuia vimelea vya koksidia, kwa farasi inaua moyo. Stoo ya farasi na stoo ya kuku visikae pamoja, na koleo lisiwe moja. La pili, mahindi yaliyoota ukungu. Sisi wa Dodoma sumukuvu tunaijua, mwaka 2016 iliua watu huku kwetu na Manyara, ila kuna sumu nyingine ya ukungu wa mahindi, fumonisini, ambayo kwa jamii ya farasi inalainisha ubongo. Anaanza kuzubaa, anagonga ukuta, anazunguka, siku chache kaanguka. Punda wako nao wamo, kwa hiyo hiyo tabia ya kumpa punda mahindi mabovu kwa sababu binadamu ameyakataa, waambie nyumbani waache.

Jioni kuna kazi moja usiichukulie poa, kuwaingiza ndani kabla jua halijazama. Usubi wanaoeneza homa ya farasi ya Afrika wanauma kuanzia magharibi mpaka alfajiri, na farasi asiye na kinga akipata ile aina ya mapafu wengi hawaponi, unamuacha jioni mzima kesho kutwa povu linatoka puani. Kuna chanjo na zinatolewa kwa ratiba, lakini boksi zinafungwa wavu na taa zinazimwa hata hivo. Sasa punda na pundamilia virusi hivyo wanavibeba na wala huoni kitu, ndo maana mtu anakuja na wazo la kufuga farasi wa mbio hapa kati namuuliza kwanza majirani zake wana punda wangapi, kabla hajaniambia habari za uwanja.

Jumamosi ni siku ya kimya kwa wanaokimbia kesho. Wanatembea, wengine wanafunguliwa mapafu kwa mita chache, basi. Vifaa vinasafishwa, tandiko, hatamu, lijamu, kila mshono unakaguliwa maana mkanda ukikatika mita 400 za mwisho joki ndo anaenda chini.

Jumapili ndo Ngong, uwanja ambao umekuwa pale toka 1954, chini ya Jockey Club of Kenya. Asubuhi farasi anapata chakula kidogo, hei inaondolewa masaa kadhaa kabla ya mbio, na yeye anajua. Wengine wanaanza jasho ndani ya boksi kabla hata hawajaguswa. Wewe saisi unavaa vizuri, unamtembeza kwenye duara watu wanamuangalia, joki kapimwa na tandiko lake, anapandishwa, unamkabidhi. Alafu hiyo dakika moja wewe huioni vizuri kwa sababu unakimbia na kamba na ndoo kwenda pale atakaposhukia. Akisimama unamwagia maji mengi ya baridi mfululizo, unatembea nae, unamwagia tena, hadi pumzi ishuke. Mshindi anapelekwa kupimwa mkojo au damu.

Na hapo kwenye vipimo nisikilize. Kafeini inakatazwa, kwa hiyo kahawa, chai, kokakola, chokoleti, hivyo vyote visiingie kwenye boksi, usimlambishe mkono uliotoka kushika chokoleti. Na usikojoe ndani ya boksi, najua utacheka ila ni kosa linalotokea, dawa uliyokunywa wewe ya maumivu ipo kwenye mkojo wako, farasi anakula yale majani, anapimwa inaonekana kwake, trena anapigwa faini na ushindi unafutwa. Pia mtu akikupigia simu Ijumaa kukuuliza farasi gani anakula vizuri, sio rafiki yako huyo, anabeti.

Sasa ya punda. Mikono yako itasaidia, kutibu kidonda, kupima joto, kukamata mshipa, kuchoma sindano, hayo ni yale yale. Kitakachokusumbua ni tabia. Punda akiogopa anasimama, farasi akiogopa anaondoka na chochote kilichomfunga, na wewe ukiwa umejizungushia kamba mkononi unaondoka nae. Usijizungushie kamba kamwe. Punda pia anaficha maumivu, ukiona punda amelala chini hataki kula ujue hali ni mbaya toka juzi, farasi wa mbio ni kinyume, kakitu kadogo anakuletea sinema nzima, kwa hiyo itabidi ujifunze upya kipi ni kelele na kipi ni ugonjwa, na hiyo utajifunza kwa kumjua kila mmoja akiwa mzima. Joto lao la kawaida ni 37.5 hadi 38.5, lakini andika la kila farasi kwenye daftari kila asubuhi wiki zako za kwanza, yupo ambaye 38.4 ni kawaida yake na yupo ambaye hiyo ni homa inaanza. Dozi za dawa pia usihamishe toka kwa punda kwenda kwa farasi kwa kukisia, punda dawa nyingi anazimaliza mwilini haraka zaidi.

Ongea kabla hujaingia, pita ubavuni mkono ukiwa mgongoni kwake, sio nyuma yake. Na usioneshe una haraka, hilo wa Kongwa hatuna shida nalo.

Kabla hujapanda basi, muombe bosi mambo matatu kwa maandishi: kibali cha kazi nani anashughulikia na kwa hela ya nani, siku yako ya kupumzika ni ipi maana Jumapili haipo, na ukipigwa teke hospitali analipa nani. Helmeti uliza kama wanatoa, hata kama wewe hupandi, wanaoumizwa wakiwa chini ni wengi tu. Akikujibu hilo la hospitali kwa kucheka cheka, niandikie tena nikutafutie wengine.